Fomu ya ruhusa hupita meza tatu: nianzie wapi kulinda afya ya akili kazini?

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni afisa utumishi katika taasisi yenye wafanyakazi wapatao 60, na mkurugenzi wetu amenikabidhi kazi ya kutafuta nyenzo zitakazowasaidia watumishi kulinda afya ya akili wakiwa kazini. Nimeipokea kazi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa naona jinsi watu wanavyoumia kimyakimya. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kutafuta ndivyo ninavyotambua kwamba yanayopatikana kwa urahisi hayagusi kiini cha tatizo, na yanayokigusa yatanilazimu kuwaeleza wakubwa wangu mambo ambayo huenda wasipende kuyasikia.

Kwa mtu anayetutembelea, ofisi yetu haina tatizo lolote. Kila mtu yuko mezani kwake na kazi zinakwenda. Sisi tuliomo ndani tunaona mengine. Ruhusa za ugonjwa za siku mojamoja zimeongezeka, na makosa madogo yanajirudia kwa watu waliokuwa wakisifiwa kwa umakini. Hivi karibuni mtumishi mmoja wa idara ya hesabu aliniletea fomu ya ruhusa ambayo, mahali pa kujaza aina ya ugonjwa, alikuwa ameandika "tumbo". Akaketi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tumbo lake halina tatizo, ila kwa miezi kadhaa usingizi umempotea, huamka moyo ukimwenda mbio, na daktari amemthibitishia kuwa ana sonona. Aliniomba nisiguse alichoandika, kwa sababu fomu ile huanzia kwa msimamizi wake, ikaja kwangu, ikaenda kwa karani wa mishahara, ndipo ikahifadhiwa katika jalada lake la kazi. Nimejiuliza sana karani wa mishahara ana haja gani ya kujua ugonjwa wa mtu, wakati anachohitaji ni idadi ya siku tu, na sijapata jibu isipokuwa kwamba utaratibu huo tumeurithi.

Uongozi umependekeza mambo matatu: semina ya siku moja, mabango ya kuhamasisha, na programu ya simu inayofundisha kupumua na kutuliza mawazo. Siyapingi. Mazoezi ya namna hiyo yanasaidia, na mengine hayahitaji hata kulipiwa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kijitabu cha bure chenye michoro kuhusu kukabili msongo wa mawazo, pamoja na mazoezi yake ya kusikiliza. Ninachohofia ni ujumbe ambao watumishi wataupata iwapo tutaishia hapo, yaani kwamba kasoro iko ndani yao, na wakijifunza kupumua vizuri wataweza kubeba mzigo uleule. Kuna msimamizi kwetu ambaye hutuma ujumbe katika kundi la simu saa tano za usiku akitaka taarifa iwe tayari kabla ya kikao cha asubuhi, na kwa kuwa alama za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa hujitokeza papo hapo, hakuna anayethubutu kusubiri kukuche. Hakuna semina itakayomrudishia usingizi mtumishi anayepokea ujumbe kama huo.

Katika kusoma kwangu nimeona kwamba wataalamu wamekwisha kulisema jambo hili waziwazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa mwaka 2022, pamoja na kutaja mafunzo kwa wasimamizi na kwa wafanyakazi, unawataka waajiri washughulikie pia mazingira ya kazi yanayowaumiza watu, na wamrekebishie kazi yule ambaye tayari anaumwa ili aweze kuendelea nayo. Shirika hilohilo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, limeuweka uchovu uliopitiliza wa kazini miongoni mwa hali zinazohusiana na ajira, pasipo kuuita ugonjwa, na kuueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Mkurugenzi ni mtu wa takwimu, kwa hiyo nilimsomea pia makadirio kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara inayofikia dola trilioni 1 za Marekani. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza semina itafanyika lini.

Nyenzo iliyonivutia kuliko zote ni dodoso la mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, lenye maswali 35, ambalo hupatikana bure. Humuuliza mfanyakazi kuhusu kiasi cha kazi anachopewa, uhuru alio nao wa kupanga namna ya kuifanya, msaada anaoupata, mahusiano yake na wenzake, iwapo wajibu wake unaeleweka, na jinsi mabadiliko yanavyoendeshwa. Napenda kwamba halimuulizi mtu kama ni mgonjwa. Linaichunguza kazi yenyewe. Kikwazo ni udogo wetu. Idara ya hesabu ina watu wanne, na hata tusipoandika majina, majibu ya watu wanne yatamtambulisha kila mmoja wao kwa msimamizi anayewafahamu vizuri. Nikiyaunganisha majibu ya taasisi nzima, siri itatunzwa, lakini sitaweza kujua ni idara ipi inayoelemewa.

Wasiwasi huohuo unanikuta ninapofikiria kuingia mkataba na mshauri nasaha wa nje, ambaye mtumishi angempigia simu moja kwa moja bila kupitia kwangu. Nimeshafikiria masharti: mwajiri apewe idadi ya jumla pekee, pasipo majina wala idara, na mipaka ya siri, hasa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, ielezwe kwa mtumishi kabla hajaanza kuzungumza. Pamoja na hayo, wenzangu niliowadokezea waliniuliza swali ambalo siwezi kuwalaumu kwalo: anayelipwa na mwajiri atakuwa upande wa nani?

Nakuomba basi unishauri katika haya. Fedha tulizonazo hazitoshi kugharamia kila kitu. Je, niombe mkataba wa mshauri nasaha kwanza, kwa kuwa wako watu wanaoumia leo, au nisisitize kwanza mgawanyo wa kazi na kusitisha ujumbe wa usiku, ambavyo havihitaji fedha ila vinahitaji uongozi kukubali kubadilika? Na kama kuna msomaji aliyewahi kufanya uchunguzi wa namna hii katika taasisi ndogo, ningependa kujua aliilindaje siri ya watu wake bila kupoteza maana ya majibu.

Lililo zito zaidi kwangu ni la yule mtumishi wa hesabu. Anahitaji kupunguziwa kazi za kufunga mwezi kwa muda, na daktari wake yuko tayari kuandika barua, lakini mwenye mamlaka ya kumpunguzia ni msimamizi yuleyule anayemwogopa. Nafikiria kumshauri amwombe daktari aandike tu kile asichoweza kufanya kwa sasa na kwa muda gani, bila kutaja ugonjwa, kisha barua hiyo ibaki kwangu na msimamizi apokee maelekezo ya kazi peke yake. Sijui kama msimamizi atakubali kutii maelekezo ambayo hakuelezwa sababu yake, wala sijui nimjibu nini atakaponiuliza. Mwisho wa mwezi umekaribia, na nimemwahidi mwenzangu jibu kabla ya hapo.

Wako katika kazi,
Afisa utumishi