Midomo ya mtoto wangu si ya kuchekwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Binti yangu wa miaka 10 hapa Kondele wanamcheka shuleni ati ana midomo mikubwa, siku hizi hata akicheka anaziba na mkono, na mimi nilidhani ni sura tu ya kwao mpaka daktari wa meno akanionyesha vile meno ya juu yametokea mbele sana, mdomo wa juu unasukumwa nje na ule wa chini unaingia nyuma ya meno, taya ya chini nayo imerudi nyuma hadi kidevu kinaonekana kimepotea. Ukimwangalia kwa upande ndio unaona vizuri. Alinyonya kidole hadi miaka 6, kumbe hiyo husukuma meno mbele, na sisi tukanyamaza! Wazee wetu Wajaluo waliong'olewa meno 6 ya chini kwa mila wanajua meno ndiyo hushikilia mdomo, ukikosa pa kuegemea unaingia ndani.

Si kila midomo minene ni shida ya meno jamani, wengi tumezaliwa hivo na ni mizuri. Lakini walimu wakomeshe hayo matusi, na kaunti itusaidie na daktari wa kupanga meno, waya za kunyoosha meno ni bei ghali na mtoto angali anakua ndio taya inasikia matibabu.

Mama mzazi, Kisumu