Hilo buti kwa poster yako

Niaje beshte,

Poster yako ya udikteta nimeiona, hilo buti linakanyaga ramani ya Kenya. Kali, rangi ziko poa, lakini nina neno. Hilo buti si letu. Vile umelichora refu karibu magoti, halina kamba, ni la Mjerumani, na wala Hitler hakulianzisha, askari wa huko walikuwa nalo hata kabla ya vita ya kwanza, ni vile tu miaka ya 1930 dunia ilianza kuona majeshi yake kwa gwaride, mguu juu, misumari chini ya soli inagonga lami, basi tangu hapo mtu akiona buti anaona udikteta. Na kichekesho ni hiki, vita ya pili ikiendelea ngozi iliadimika, askari wengi wakapewa fupi za kamba. Ukatili haukupungua hata kidogo.

Sasa rudi Nairobi. Hapa jeshi halijawahi kutawala, wale wa Air Force walijaribu tarehe 1 Agosti 1982 wakazimwa. Mateso yenyewe yalikuja na suti. Nyayo House, hapo tunapangia laini ya pasipoti, miaka ya themanini watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kile kikundi cha siri cha kupinga serikali ya Moi, walikuwa wanahojiwa ghorofa za juu halafu wanateremshwa seli za chini, giza, uchi, maji yamemwagwa sakafuni, na humo hakuna kukaa wala kulala, unasimama tu. Aliyekuwa anawahoji pengine kiatu chake kilipigwa kiwi asubuhi na fundi wa Kenyatta Avenue, kama karani mwingine yeyote. Mimi hiyo ndiyo hunitisha.

Utaniambia Juni 2024, wakati wa maandamano, KDF, yaani jeshi letu, waliletwa mitaani. Ni kweli, na buti tuliziona. Lakini wale waliokuwa wanateka vijana baada ya maandamano walivaaje? Jeans, kofia, uso umefunikwa, na chini raba za kawaida tu, zile wewe na mimi tunachagua kwa mitumba Gikomba. Ukipishana na huyo jamaa kwa stage huwezi mjua.

Kwa hivyo mi naona uchore raba. Nyeupe, safi, inashuka kwa Subaru, gari lao wale watekaji. Kama buti unalipenda sana basi liweke kwa kona, dogo, na liwe la kamba. Halafu nitumie kabla hujaprinti, unajua vile fundi wa River Road akishapokea deposit hakuna kurudi nyuma.

Salimia mathe.