Simulizi ya Gandhi na bomu isiwe aya ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niwaseme kidogo vijana wa mtaani kwangu Buruburu, ambao nawapenda na ambao kazi yao naiunga mkono. Wameamua kuandika upya, kwa Kiswahili, makala ya kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu Civilization, mchezo wa kompyuta wa mkakati uliotoka Marekani mwaka 1991. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Walinichapishia rasimu kwenye karatasi, maana wanajua mimi na kioo cha simu hatupatani, nikaisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikufika mbali. Sentensi ya pili inasema mchezo huu "unajulikana kote duniani" kwa hitilafu iliyomgeuza Mahatma Gandhi kuwa mrusha mabomu ya nyuklia.

Kwa asiyeijua simulizi hiyo, ni hivi. Eti kila kiongozi katika mchezo alipewa namba ya ukali, na Gandhi, kwa kuwa ni mtu wa amani, akapewa 1. India ilipoingia katika demokrasia, namba hiyo ilipunguzwa kwa 2. Moja toa mbili ni hasi moja, lakini kompyuta ilikuwa imetenga nafasi ya namba kuanzia 0 hadi 255 pekee, zisizojua hasi, kwa hiyo hesabu ikazunguka hadi 255 na Mahatma akaanza kuwateketeza majirani. Tamu kweli. Hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta utamsimulia ndani ya matatu namba 58 na ataielewa kabla hamjafika mjini. Tatizo ni kwamba haikutokea.

Aliyeubuni mchezo, Sid Meier, aliikana katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2020. Mchezo uliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambamo namba za kawaida huweza kushuka chini ya sifuri bila kuzunguka popote. Isitoshe, mfumo wa serikali haukuwa ukibadilisha ukali wa kiongozi hata chembe. Brian Reynolds, aliyeongoza ubunifu wa Civilization II ya mwaka 1996, naye alieleza kwamba ngazi za ukali zilikuwa tatu tu. Gandhi alikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa pamoja na theluthi moja ya viongozi wote. Nayo simulizi yenyewe ilianza kuenea mtandaoni mwaka 2012, zaidi ya miaka ishirini baada ya mchezo kutoka.

"Lakini shosho," mjukuu wangu akaniambia, "hiyo kila mtu anaijua."

Mhariri, mimi nimekuwa karani wa masijala katika wizara moja hapa Nairobi hadi nilipostaafu. Barua isiyo na tarehe wala sahihi haikuingia kwenye faili langu, hata iwe imebebwa na nani. Na sijawahi kuona "kila mtu anajua" ikipewa namba ya folio.

Sisemi simulizi hiyo ifutwe. Ina mahali pake, tena panapendeza, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja la kweli: katika Civilization V ya mwaka 2010, mbunifu Jon Shafer alimwekea Gandhi kwa makusudi 12 kwenye kipimo cha kupenda nyuklia ambacho mwisho wake ni 10. Utani. Hilo lina mwenyewe na lina mwaka, na linaweza kukaa chini kabisa ya makala pamoja na habari za jinsi uvumi ulivyozaliwa. Lisikae mlangoni.

Niseme pia kwamba nilikuwepo. Katikati ya miaka ya tisini ofisi yetu ilipata kompyuta ya kuandikia barua, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipoondoka alituachia disketi za mchezo huu pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Baada ya saa kumi na moja, foleni za Jogoo Road zikiwa bado zimefunga, tulibaki kuijenga dunia. Gandhi alitutishia nyuklia, ndiyo. Lakini vilevile walitutisha Lincoln, Stalin na Shaka, kwa maneno yaleyale, kwa sababu kiongozi yeyote aliyemiliki silaha hizo aliwekewa kauli moja mdomoni. Inawezekana India, kwa kutopoteza muda vitani, iliwahi kwenye sayansi na hivyo ikawahi kutisha. Ila mimi si chanzo, na nimewakataza vijana kuniandika.

Basi aya ya kwanza iseme nini? Iseme mambo makavu yenye ushahidi: kwamba ulibuniwa na Meier pamoja na Bruce Shelley katika kampuni ya MicroProse huko Maryland, kwamba toleo la kwanza lilikuwa la kompyuta za DOS, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, kwamba huchezwa kwa zamu, ukianza mwaka 4000 KK na kundi dogo la watu wanaotafuta mahali pa kujenga mji, huku ramani yote ikiwa giza, na kwamba ushindi ni ama kuwamaliza wenzako wote, ama kuwa wa kwanza kufikisha chombo cha anga katika nyota za Alpha Centauri. Shelley huyo ndiye aliyehamia baadaye kwenye Age of Empires, mchezo mwingine wa mkakati. Hayo yanatosha, msomaji aendelee.

Baada ya hapo nataka waeleze mchezo ulivyofanya kazi, na hapa rasimu yao ni nyembamba mno. Hawakutaja hata kwamba mapato ya biashara ya mji hugawanywa kati ya hazina, sayansi na anasa, na kwamba ukiibana anasa wananchi wanaingia barabarani (mtu wa Nairobi anahitaji kuelezwa hilo?). Hawakutaja kwamba mchezo ulikuwa ukimsimamisha mchezaji na kumwuliza maarifa fulani hutanguliwa na yapi, na majibu yako kwenye kitabu, ili aliyenakili disketi bila kitabu anaswe. Wala hawakueleza kwa nini askari wa mikuki wa kale aliweza kuzamisha manowari ya chuma, malalamiko ya kila mchezaji wa enzi hizo. Manowari ina nguvu ya kushambulia 18, yule wa mikuki ana nguvu ya kujilinda 2. Lakini katika mchezo wa 1991 pambano liliamuliwa kwa mkupuo mmoja: mmoja anabaki mzima, mwingine anatoweka, hakuna kujeruhiwa. Nafasi ndogo bado ni nafasi, na ukishambulia sana utakutana nayo. Nilimwona mwenzangu wa uhasibu akiinuka kitini na kwenda kusimama dirishani kwa sababu hiyo. Civilization II ilirekebisha kwa kuwapa askari kiasi cha uhai kinachopungua kidogo kidogo na kiasi cha madhara ya kila pigo. Hiyo ndiyo historia ya mchezo: kasoro halisi, malalamiko halisi, na marekebisho yenye mwaka.

Sasa nifike kwa Wazulu, ambako ndiko hasa kulikonifanya nichukue kalamu.

Mataifa yaliyokuwemo 1991 ni 14, na ya Afrika ni mawili: Misri na Wazulu. Rasimu ya vijana ina sentensi moja tu hapo, kwamba mchezo "uliheshimu Afrika" kwa kumweka Shaka. Nikawauliza: mmewahi kuutazama mji mkuu wa huyo Shaka? Unaitwa Zimbabwe. Magofu ya Zimbabwe Kuu yalijengwa na mababu wa Washona kuanzia karne ya 11, kaskazini ya mto Limpopo, mamia ya miaka kabla Shaka hajazaliwa. Ni sawa na kumpa Mfalme wa Uingereza Roma iwe mji wake mkuu. Teremka kwenye orodha: kuna mji uitwao Swazi na mwingine uitwao Bapedi, ilhali hayo ni majina ya watu waliokuwa na falme zao wenyewe. Endelea: Isandhlwana, Intombe, Hlobane, Ulundi. Mtu aliyesoma historia ya kidato anayatambua. Isandlwana ni pale Wazulu walipolichakaza jeshi la Waingereza tarehe 22 Januari 1879. Intombe ni Machi mwaka huo, Hlobane pia ni Machi, na Ulundi, makao ya Cetshwayo, mfalme wa Wazulu wakati huo, ilichomwa Julai. Karibu ungesema mtu alifungua ramani ya vita ile akanakili majina ya sehemu za mapigano akayaita miji.

Vijana walifurahi sana. Mmoja akataka kuandika palepale kwamba orodha ya miji ilitolewa kwenye ramani ya vita vya 1879. Nikamzuia. Kamusi elezo ile ina kanuni inayokataza utafiti wa anayeandika makala mwenyewe, na nadhani ni kanuni njema ingawa hapa inatuuma. Majina ya miji unaweza kuyataja, chanzo ni mchezo wenyewe. Tarehe za mapigano unaweza kuzitaja, vitabu vipo. Lakini kuyaunganisha mawili hayo ukasema "kwa hiyo" ni kazi ya mtu mwingine aliyekwisha kuchapisha mahali panapoaminika, na wahariri wazoefu watakukamata hata ukiyaweka jirani tu ukikonyeza. Uvumi wa Gandhi una viungo tele vya kurejelea, angalau vya kuukanusha, kwa sababu umeandikwa mara elfu. Jambo la Zimbabwe, ambalo kila mchezaji analiona zamu ya kwanza anapokutana na Mzulu, vijana wamelitafutia chanzo chenye jina la mwanahistoria kwa Kiswahili na wakarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya kuwaandikia wao. Makala kama hii haiwezi kunyooka kwa kuhaririwa tu. Inahitaji kitu kilichochapishwa, chenye jina, tarehe na mhariri aliyekisoma kwanza. Gazeti linaweza kukitoa. Hapa mjini kuna wahadhiri wa historia, na wengine ni wa rika la waliocheza mchezo huu. Mpe mmoja wao nusu ukurasa aitazame orodha ile ya miji, mji mmoja baada ya mwingine, aseme upi ni mji, upi ni mlima, upi ni mto, upi ni taifa la watu, na aseme kwa jina lake orodha inafanana na nini. Akiona nimekosea, aandike hivyo pia. Vijana watamnukuu vilevile.

Ombi la pili ni dogo. Ikiwa katika maktaba ya gazeti lako kuna uhakiki wowote wa michezo ya kompyuta uliochapishwa hapa miaka ya tisini, naomba vijana waruhusiwe kuja kuutafuta. Watakuja na daftari, na nitahakikisha wamenawa mikono. Kitabu cha maelekezo ninacho, kimechakaa mgongoni lakini kurasa zote zimo, na wameshaanza kukitumia.

Kuhusu barua hii yenyewe, tafadhali wasije wakaiweka kwenye marejeo. Nimewaambia tayari kwamba barua ya msomaji kwa mhariri ni maoni, na mjukuu wangu amejibu kwamba basi nimeziba mlango niliotoka kuufungua. Tunasubiri mwanahistoria.

Mstaafu wa Masijala,
Buruburu, Nairobi