Mtu aambiwe siku yake ya mwisho kazini

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti hili tangu enzi za kulinunua kwa sarafu na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, ya kiwanda "kuanza mchakato wa ku-phase out baadhi ya nafasi za kazi", yaani kuziondoa kidogo kidogo, ndiyo imenishinda. Mwandishi wenu kayachukua maneno ya kampuni kama yalivyo, kisha kahamia bei ya malighafi. Wanaondoka wangapi? Lini? Mshahara wao wa mwisho ni wa mwezi gani? Meneja kasema, gazeti limechapa.

Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo katika kampuni moja hapa Morogoro. Alipewa barua ya Kiingereza kwamba idara yake ingekuwa "phased out" na shughuli za ghala "wound down", yaani kufungwa taratibu, kulingana na mahitaji ya kampuni. Kiingereza anakisoma vizuri, msije mkadhani tatizo ni shule. Alielewa ambavyo yeyote angeelewa: kazi itapungua kidogo kidogo, na siku ikifika ataitwa. Akaendelea kuamka alfajiri, kuvaa ovaroli na kusaini daftari getini. Hakuna aliyemzuia, tena walimpa kazi ya kuhesabu magunia matupu. Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia, akaambiwa asubiri, mhasibu amesafiri. Mwezi uliofuata mlinzi, kijana aliyezoea kumwamkia kila asubuhi, akamwambia kwa aibu kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Alipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, kampuni ikatoa barua ile ile na kudai ajira ilikoma siku ilipoandikwa! Sasa, Mhariri, anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufika Tume ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Siku zake ziliisha akiwa ghalani anawahesabia magunia. Ikabidi aanze na maombi ya kuongezewa muda, yaani ajitetee kwanza yeye kabla ya kumshtaki aliyemtoa. Kwa upande wa mshahara ajira ilikoma ghafla, kwa upande wa magunia iliendelea kukoma taratibu. Halafu mtu aniambie maneno hayo huandikwa kwa bahati mbaya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina mafumbo hayo. Mwajiri anayepunguza watu lazima atoe taarifa mapema na kujadiliana nao au na chama chao kuhusu sababu, namna ya kuwachagua wanaoondoka, malipo, na muda. Muda umetajwa humo humo. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi isiyopungua siku 28, na kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Bila tarehe, hesabu hizo utazianzia wapi? Na tangu 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini barua za kumtoa mtu kazini bado zinakuja kwa Kiingereza cha kubembeleza.

Na hospitali nazo. Mke wangu alitumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa miezi mingi. Siku ya kuruhusiwa akapewa karatasi yenye neno moja la Kiingereza, "taper", na dirisha la dawa halikuongeza kitu. Jirani yetu nesi mstaafu ndiye aliyetueleza kwamba dawa hiyo ikishatumiwa muda mrefu haikatizwi ghafla, hupunguzwa kwa hatua, ndiyo maana ya "taper" hiyo, kwa sababu mwili unakuwa umelegea kutengeneza homoni yake wenyewe na mgonjwa anaweza kuzidiwa vibaya. Wenye kazi ya kutufundisha kupunguza taratibu wamekaa kimya, na wanaokata siku moja ndio wanaoimba kwamba wanapunguza taratibu.

Msiniambie haiwezekani kusema wazi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tuliambiwa 1 Juni 2019, na muuza maandazi wa mtaani kwetu aliijua tarehe hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Noti za zamani Benki Kuu ikasema zibadilishwe kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, bibi zetu wakainua magodoro.

Napendekeza hivi. Kila barua ya kupunguza mtu kazi ianze na mistari miwili ya Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za nembo ya kampuni: siku ya mwisho kazini ni tarehe fulani, mshahara wa mwisho utalipwa tarehe fulani. Isiyo na mistari hiyo ihesabiwe kuwa kadi ya mwaliko, na mfanyakazi aendelee kulipwa. Ninyi nanyi, habari isiyo na tarehe hizo irudishwe kwa mwandishi kabla haijapangwa kurasani. Ofisa rasilimali watu atakayeandika tena "phase out" bila tarehe, mshahara wake nao upunguzwe kwa mtindo huo huo: robo tatu, kisha nusu, kisha robo, na akiuliza utafika sifuri lini, ajibiwe kwamba mhasibu amesafiri.

Msomaji wenu,
Morogoro