Jedwali la miaka ya kuoza lina kasoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jedwali mlilochapisha hivi karibuni kuhusu muda ambao vitu tunavyotumia kila siku huchukua hadi vioze: gazeti wiki 6, kiatu cha ngozi miaka 40, kopo la alumini miaka 200, chupa ya plastiki miaka 450 na chupa ya kioo miaka milioni moja. Nia yenu ilikuwa njema, nami ni mmoja wa waliolikata jedwali hilo na kulibandika ukutani. Lakini kila nilipolipitia nilijiuliza ni nani aliyekaa miaka 450 akiilinda chupa hiyo.

Polithini, ambayo ndiyo plastiki ya mifuko mingi, iligunduliwa kwa bahati tu katika maabara moja ya Uingereza mwaka 1933, na chupa ya plastiki ya vinywaji tunayoijua leo ilipewa hataza mwaka 1973. Miaka 450 ni makadirio, na makadirio yakichapishwa bila kuitwa hivyo msomaji huyachukua kuwa vipimo.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jedwali linataja kitu na muda, lakini halisemi kitu hicho kimelala wapi. Kuoza ni kazi ya viumbe hai, yaani bakteria, kuvu, minyoo na wadudu, nao hawafanyi kazi bila maji na joto la kutosha, na wengi wao huhitaji hewa. Kiatu cha ngozi kilichopatikana mwaka 2008 katika pango moja nchini Armenia kilikuwa kimekaa humo miaka ipatayo 5,500, na hata kamba zake zilikuwa zingalimo, kwa sababu pango lilikuwa kavu na lenye ubaridi, na samadi ya kondoo ilikuwa imelifunika eneo hilo. Ile miaka 40 ya jedwali ilipita mara mia na zaidi.

Gazeti nalo lina kisa chake. Mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, alianzisha mwaka 1973 mradi wa kuchunguza taka, na baadaye yeye na wenzake wakachimba madampo yenyewe. Huko chini, ambako taka zimeshindiliwa na hewa haifiki, walikuta magazeti ya miongo iliyopita yanayosomeka bila taabu, kiasi kwamba walitumia tarehe zake kujua umri wa kila tabaka la taka. (Barua hii nayo, ikitupwa mahali pa namna hiyo, huenda ikapata wasomaji ambao hatukuwatarajia.)

Mimi mwenyewe nilizika shati kuukuu la pamba kwenye udongo wenye unyevunyevu, nikalifukua baada ya miezi minane. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, kimebaki vinyuzinyuzi vyeusi vilivyoshikamana na mizizi ya majani. Mishono, hata hivyo, ilikuwa mizima: mstari wa kola, duara la kila mkono na safu ya vifungo, vyote vikining'inia kama mifupa ya samaki. Uzi ulikuwa wa poliesta, ambayo ni ya jamii moja na plastiki ya chupa. Lebo ya shingoni nayo haikuguswa, na bado ilisomeka vizuri: pamba asilimia 100.

Ndiyo maana neno kuoza lenyewe linanitatiza likitumiwa kwa kila kitu. Kioo hakiozi, vyombo vya kioo vya Warumi wa kale vingali katika majumba ya makumbusho. Alumini hujivika utando mwembamba unaoikinga na hewa, na chuma huliwa na kutu. Beseni la plastiki lililoachwa juani hupauka, hukakamaa, kisha ukilishika ukingoni linamegeka mkononi kama biskuti, lakini hicho kilichomegeka ni plastiki ileile, ila imekuwa vipande vidogo zaidi ambavyo upepo na maji huvibeba. Hapo lugha yetu ina maneno yanayofaa, kama vile kusagika na kumeguka. Hata maandishi ya kwenye mifuko hayatusaidii sana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliripoti mwaka 2019 kwamba mifuko iliyonadiwa kuwa inaoza, baada ya kukaa miaka 3 udongoni au baharini, bado iliweza kubeba mizigo ya sokoni.

Ombi langu ni dogo. Mtakapolichapisha tena jedwali hilo, ongezeni safu mbili: moja ieleze mahali kitu kilipo, iwe ni juani, udongoni, majini au ndani ya dampo, nyingine iseme kama muda uliotajwa umepimwa au umekisiwa. Kwa chupa ya plastiki, nafasi ya miaka mnaweza kuiacha wazi.

Wako mtiifu,
Msomaji wa kila siku