Mashine inakuja, ila nina sharti

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi huku ni mzima, wasiwasi ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Ujumbe wako nimeupata, na wa Mama uliofuata dakika tatu baadaye nimeupata pia, kwa hiyo usijifanye hamkukaa pamoja mkanipangia. Wewe unaomba mashine ya gemu, Mama anasema nisithubutu kukudekeza, halafu mwishoni anauliza itafika lini. Mwambie itafika. Nimeshainunua, boksi lipo hapa mezani. Na ile hela nyingine nitaituma mwezi ukiisha. Kazi ipo, nimehamishiwa zamu ya usiku, tuyaache hayo.

Kilichonikera ni mstari wako wa mwisho. Eti "Outer Wilds usiniwekee, hiyo nitaitazama tu YouTube." Niliusoma nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Sikiliza. Gemu za mpira zitazame, za kupigana zitazame, hata ukizijua zote bado vidole vinavyocheza ni vyako. Lakini zipo chache ambazo kujua ndiko kucheza kwenyewe. Outer Wilds ilitoka 2019, baada ya kuanza kama kazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Haina upanga wa kuongeza makali wala levo za kupanda. Kinachoongezeka ni unachokijua, basi. Mtu anayejua aende wapi akafanye nini anaimaliza kwa chini ya nusu saa. Mimi ilinichukua wiki tatu, na hizo wiki tatu za kutojua ndizo gemu. Ukishajua, hakuna kitufe cha kusahau. Nimejaribu. Mwaka jana nimerudi, nikajikuta nakwenda moja kwa moja panapohusika, kama mtu anayewahi zamu. Nikazima.

Nikupe kimoja tu. Ukianza utakuwa umelala chali kando ya moto, na cha kwanza machoni ni anga. Usikimbilie kuinuka. Mimi niliinuka haraka kutafuta pa kubonyeza, na ilinichukua siku nyingi kujua nilikuwa nimepuuza nini. Sisemi zaidi.

Tabia hii najua umeitoa wapi. Umeitoa kwa Kaka.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa na Final Fantasy VII, ile ya 1997, ya diski tatu. Nilimlea Aerith, mmoja wa wahusika wake, wiki nzima, silaha nzuri zote nampa yeye, kila pambano namtanguliza. Kaka akapita nyuma yangu, mkononi ana kikombe cha chai, akasema bila hata kusimama: "Unajisumbua bure, huyo anakufa mwisho wa diski ya kwanza." Akaenda zake. Watu dunia nzima wanasimulia walivyolia pale. Mimi sikulia. Nilikaa nikimsubiri yule adui, Sephiroth, ashuke na upanga wake kama anayesubiri foleni isogee. Mpaka leo Kaka hajaniomba radhi, na Mama bado anasema "si mchezo tu?" (Ndiyo, na wewe sasa nimekuambia. Lakini hilo hata watoto wa jana wanalijua, usinihesabie.)

Na lile la gemu ya Metal Gear Solid analolisimulia Kaka kila mkikusanyika, leo nalinyoosha kwa maandishi. Mle ndani mzee mmoja anakuambia namba ya redio ya Meryl, msichana unayetakiwa kuwasiliana naye, ipo nyuma ya boksi la CD. Yaani boksi lenyewe, la mkononi, si la kwenye skrini. Sasa sisi CD yetu ilikuwa ya kunakili, imekuja kwenye mfuko wa plastiki. Kaka akashinda siku mbili anageuzageuza diski aliyopewa ndani ya gemu, akidhani ndiyo hiyo. Mimi pedi ya kuchezea nilikuwa siruhusiwi kushika. Usiku alipolala nikakaa sakafuni, sauti nimezima, nikaanza kupiga kuanzia 140.00. Kimya. 140.01, kimya. 140.02, kimya. Nilikuwa nahesabu huku nimeziba mdomo kwa mkono. Ilipofika 140.15, ikapokelewa.

Mdogo wangu, ningepewa usiku mmoja wa kurudia katika maisha yangu yote ya kushika pedi, ningechagua ule. Asubuhi nikamwambia Kaka namba. Jioni namsikia anawasimulia marafiki zake kwamba ameiota ndotoni! Na huyo shujaa wa ndoto ndiye aliyeitupa pedi siku Psycho Mantis, adui wa humo humo, aliposoma memori kadi yetu akamwambia anapenda Castlevania, gemu nyingine tuliyokuwa tumeihifadhi kwenye kadi hiyo. Aliitupa akakimbilia kwa Mama. Hilo halisimulii.

Huku sihitaji ndoto ya mtu. Return of the Obra Dinn, gemu ya 2018, nimeimaliza peke yangu. Wewe ni mkaguzi wa bima, mwaka ni 1807, meli imerudi bila mtu aliye hai, na una saa ya mfukoni inayokuonyesha sekunde ya mwisho ya kila maiti. Watu 60, kila mmoja umjue jina na kilichompata. Kubahatisha kuna mwisho, maana inakuthibitishia watatu watatu, ukikosea mmoja hujui ni yupi. Wengine niliwajua kwa lafudhi. Kuna mmoja nilimjua kwa viatu, nikasimama nikapiga makofi chumbani peke yangu saa tisa usiku. Wote 60, sikuuliza mtu. Mwambie Mama lile daftari alilonipa la kuandika matumizi limejaa majina ya mabaharia.

Ila si kila siku ni ya makofi. Mwezi wangu wa kwanza huku nilicheza gemu iitwayo Journey. Unatembea jangwani kuelekea mlimani, na mara anatokea mtu mwingine, mtu kweli, mahali fulani duniani. Hamwezi kuzungumza, mnaitana kwa mlio tu. Tulipofika kwenye theluji tukawa tunatembea tumeshikamana, maana mkigusana vitambaa vyenu vya shingoni vinawaka tena. Jina lake nililiona baada ya kumaliza, limeandikwa mwishoni na mengine. Niliandika jina hilo kwenye karatasi, sijui ili iweje. Wiki ile sikuwa nimezungumza na mtu zaidi ya "asante" ya kwenye basi.

Nilipoirudia, nilijua mlima unaishaje. Haikunigusa vile. Lakini safari hiyo mwenzangu alikuwa mgeni, anasimama kila mahali, anashangaa kila kitu, nami nikawa namsubiri. Nikagundua nafurahi kumtazama.

Kwa hiyo sharti ni hili. Mashine ikifika, Outer Wilds itakuwa ndani. Usitafute neno lolote kuihusu, na ukikwama usimuulize mtu, acha ulale. Jumapili ndiyo siku yangu ya mapumziko, unipigie video, simu uiegemeze mahali nione skrini. Nitanyamaza. Nikikohoa usidhani nakupa kidokezo, ni baridi ya huku. Kaka akitaka kutazama akae nyuma, na asifungue mdomo.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Na Kaka mwambie tu mia moja arobaini nukta kumi na tano. Ataelewa.

Ni mimi,
Dada yako