Ushuru peke yake hautamwokoa fundi viatu

Ndugu Mhariri,

Kila bajeti ikikaribia huja kilio kilekile: viatu vya nje vitozwe ushuru zaidi, mitumba izuiwe. Mimi ni fundi viatu na uchungu huo naujua. Kiatu cha mtumba kikishapigwa rangi na brashi huuzwa kwa fedha ambazo kwangu hazitoshi hata soli, gundi na bitana. Wateja waliobaki wamechukuliwa na viatu vya plastiki kutoka China.

Lakini ushuru umeshapanda. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza asilimia 35 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, za ngozi zikiwemo. Mbona vibanda vyetu bado havina kazi?

Sisi wa Morogoro tulipaswa kuwa wa kwanza kulijibu swali hili. Kiwanda cha viatu kilichojengwa hapa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo, kikafungwa mwaka 1990. Kuwalaumu wauza mitumba kwa hilo si haki. Ngozi iliyoingia pale ilikuwa duni, na ubovu huo tunao mpaka leo, katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30! Mfugaji anapiga chapa ya moto ubavuni, machinjioni kisu kinatoboa ngozi kwa haraka ya mchunaji, kisha inakaa bila chumvi mpaka inaoza. Iliyosalimika inasafirishwa nje ikiwa imesindikwa nusu tu. Halafu mimi nanunua dukani ngozi laini iliyotoka ng'ambo, pamoja na soli na gundi, vyote vikiwa na kodi ndani yake.

Naiomba Serikali ipunguze kodi za soli, gundi na dawa za kusindikia ngozi. Halmashauri ziwalipe wachunaji kwa ubora wa ngozi, maana kwa sasa mwenye kutoboa na asiyetoboa wanapata sawa. Buti za askari wote zishonwe nchini. Kiwanda cha Karanga kule Moshi, cha ubia wa Magereza na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kilijengwa kwa kazi za namna hiyo. Na viatu vyeusi vya wanafunzi, shule zituagize sisi mafundi wa kata zao kabla ya Januari, msimu ambao wazazi hukimbilia plastiki.

Fundi viatu,
Morogoro